Dereva wa Safari Ndefu Ataka Kubadili Tajiri

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa

Viongozi wa madarasa, tafadhalini hakikisheni kwamba kila mtu ana daftari na penseli, na kwamba ubao umefutwa. Somo la leo ni la kusoma, la kuandika na la hesabu, yote matatu pamoja, na habari yake yatoka Moshi, katika kata ya Soweto.

Mwezi uliopita nilitembelea darasa la jioni pale Soweto. Wanafunzi walikuwa wakisoma kitabu kwa zamu. Ilipofika zamu ya mama mmoja, ambaye mchana huuza ndizi katika soko la Mbuyuni, alitoa mkobani karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Akasema, "Mwalimu, leo sitaki kusoma kitabu. Nataka kusoma hizi." Karatasi zile zilikuwa mkataba wa kazi wa mumewe.

Mumewe ni dereva wa lori. Hupakia mzigo bandarini Dar es Salaam, akapita Chalinze, Morogoro na Mikumi, akapanda mlima wa Kitonga, akapita Makambako na Mbeya, mpaka Tunduma katika mpaka wa Zambia. Hapo amekwisha kwenda zaidi ya kilometa 900, na safari bado mbichi. Huvuka Zambia mpaka Kasumbalesa, ndipo huingia Kongo. Huyu bwana kusoma anajua. Vibao vya barabarani husoma, na hati za mzigo husoma. Lakini mkataba wake mwenyewe hakuwahi kuusoma, kwa kuwa aliwekewa mezani autie sahihi siku ya safari ya kwanza, lori likiwa limekwisha washwa. Madereva wengi watakuambia hivyo hivyo.

Siku chache kabla ya mimi kufika, alikuwa amempigia mkewe simu kutoka Tunduma. Ilikuwa siku yake ya nne katika foleni. Akasema, "Mama watoto, mimi nimechoka. Lori naliacha hapa hapa, funguo nampa utingo, napanda basi kurudi nyumbani. Kuna tajiri mwingine ananiita, posho yake ni mara mbili."

Mkewe akamjibu, "Baba watoto, usiache kitu. Ngoja kwanza nisome karatasi yako."

Madereva humwita mwenye gari tajiri, hata kama tajiri mwenyewe analala macho kwa sababu ya deni la benki. Nami nitatumia neno hilo hilo.

(Kituo kidogo. Kiongozi aandike ubaoni: MKATABA. MAKATO. ILANI. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

Sasa tuyasikilize manung'uniko ya dereva huyu, maana hakukasirika kwa jambo moja. Posho yake ilihesabiwa kwa safari ya siku kumi na nne, lakini foleni na matengenezo viliifanya safari kuwa ya siku ishirini na tano. Siku zilizozidi alikula kwa fedha zake. Usiku wa manane simu hulia: "Mbona gari limesimama?" kwa kuwa ndani ya lori kuna kifaa kinachomwonyesha tajiri gari lilipo. Kipaimara cha binti yake hakukiona. Krismasi, wakati Wachaga kutoka kila pembe hupanda mlimani kwao kula pamoja, yeye alikuwa Kasumbalesa akilinda mzigo wa watu. Na aliporudi akakuta mshahara wake umekatwa shilingi 250,000: turubai limepotea, na dizeli imepungua. Hakuna aliyemwuliza lilipotea vipi.

Kazi hii haikuanza kuwa ngumu jana. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na njia ya mafuta ya Zambia ikafungwa. Malori yakaanza kubeba mapipa ya petroli kutoka Dar es Salaam, kwa njia ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Mvua ikinyesha ilikuwa tope tupu, na wakati wa kiangazi vumbi lilimficha dereva asimwone mwenzake. Magari mengi yalipinduka, na njia ile ikaitwa Barabara ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi, baadaye ikaja reli ya TAZARA, na barabara ikatiwa lami. Lami ilipunguza tope. Ugomvi wa dereva na tajiri haukupungua. Mwaka 2015, mwezi wa Aprili na tena mwezi wa Mei, madereva wa mabasi na malori waligoma, na abiria wakakwama vituoni. Miongoni mwa mambo waliyoyadai ni hili la mikataba ya kazi ya maandishi.

Basi turudi kwa karatasi za yule mama. Alizisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na darasa zima likimsikiliza. Alipofika kwenye neno "ilani" akasimama. Akauliza, "Ilani si ile ya wakati wa uchaguzi?"

Ni neno lile lile. Ilani ni tangazo. Katika kazi, ilani ni kumwambia mwenzako mapema kwamba mtaachana, na maofisini siku hizi watu husema notisi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mtu anayelipwa kwa mwezi, akiisha kupita mwezi wake wa kwanza kazini, hutoa au hupewa ilani isiyopungua siku 28. Ilani iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe. Mkataba waweza kuweka siku zaidi ya hizo, lakini ziwe sawa kwa pande zote mbili. Tajiri hawezi kujiwekea siku 28 na kukuwekea wewe siku 60.

Angalieni sasa jambo ambalo lingempata dereva wetu kama angempa utingo funguo pale Tunduma. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika siku za ilani, tajiri anaruhusiwa kukata, katika fedha anazomdai, mshahara wa siku zile ambazo hakufanya kazi. Tena kukosa kazini zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu ya maana, huhesabiwa kosa kubwa ambalo mtu aweza kufukuzwa kwalo. Na mzigo ule si wa tajiri peke yake, una mwenyewe. Ukipotea, nani ataulizwa kwanza? Kwa hiyo hasira yake ilikuwa ya haki, lakini safari ya basi ingemgharimu mshahara wa mwezi na jina lake zuri.

Wengine hawaachi lori, hujilipa wenyewe. Huuza dizeli njiani kidogo kidogo na kusema, "Nachukua haki yangu." Mimi siwezi kuwaunga mkono. Dereva aliyeuza lita ishirini amempa tajiri sababu ya kumfukuza, na dai lake la makato, ambalo lilikuwa la kweli, hakuna tena atakayelisikiliza.

(Kituo kidogo. Kiongozi aulize: Ilani ni nini? Siku 28 kuanzia leo zitaisha tarehe gani? Wanafunzi wahesabu kwa kalenda.)

Sasa twende kwenye makato, kwa kuwa hapa ndipo kidonda kilipo. Je, tajiri aweza kukata mshahara kwa ajili ya turubai lililopotea? Jibu ni ndiyo, lakini kuna masharti. Kwanza hasara iwe imetokea kazini, na iwe imetokea kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Turubai likiibwa kwa sababu dereva alilala nje ya maegesho aliyoagizwa, hilo ni jambo moja. Likipasuliwa na upepo kwa sababu lilikuwa kuukuu, hilo ni jambo jingine kabisa. Kisha tajiri amwandikie mfanyakazi, aeleze sababu ya deni, kiasi chake na jinsi alivyokihesabu. Mfanyakazi apewe nafasi ya kubisha. Deni lisizidi hasara ya kweli: turubai la miaka minane halilipwi kwa bei ya turubai jipya. Na mwisho, makato yasizidi robo moja ya ujira wake wa fedha.

Chukueni penseli. Tuseme ujira wa dereva kwa mwezi ni shilingi 400,000. Robo yake ni ngapi? Gawanyeni kwa nne. Ni 100,000. Basi, hata kama deni la 250,000 lingekuwa la haki, lingekatwa 100,000 mwezi wa kwanza, 100,000 mwezi wa pili, na 50,000 mwezi wa tatu. Dereva wetu alikatwa zote kwa mara moja, tena bila karatasi. Yule mama wa Soweto alipomaliza hesabu hii ubaoni aliweka chaki chini akasema, "Kumbe tulilala njaa bure." Sikuwa na la kumwambia.

Saa za kazi nitazipita haraka. Kwa kawaida ni saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Kukiwa na mapatano ya kufanya kazi ya ziada, siku yote isizidi saa 12, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza yake ya asilimia 5 kwa kila saa. Sikukuu ya taifa, na Krismasi imo, hulipwa mara mbili. Kwa hiyo ile Krismasi ya Kasumbalesa ilikuwa na bei yake, na hakuna aliyeilipa.

Mtaniuliza, "Je, kukaa foleni nako ni kazi?" Matajiri husema dereva amelala tu. Maoni yangu ni kwamba mtu anayelinda mzigo na kusogeza gari kila foleni inaposogea, hata kama ni saa nane za usiku, yuko kazini. Lakini maoni yangu hayamlipi mtu. Lililo bora ni kulifanya jambo hili liandikwe katika mkataba kabla ya sahihi: siku za foleni zitalipwa posho kiasi gani? Na dereva awe na daftari dogo ndani ya gari. Aandike tarehe, mahali, saa ya kufika na saa ya kuondoka. Kifaa cha tajiri kinaandika mwendo wa gari kwa manufaa ya tajiri. Daftari la dereva nalo liandike.

Sasa twende kwa yule tajiri wa pili anayeita kwa simu. Posho yake ni mara mbili, na maneno yake ni matamu. Mama aliuliza swali la maana sana: "Mshahara je?" Mumewe akajibu kwamba mshahara hakuna, ni posho tu. Tupige hesabu. Tuseme tajiri wa kwanza hulipa mshahara wa 400,000 kwa mwezi na posho ya 500,000 kwa safari, na wa pili hulipa posho ya 1,000,000 kwa safari bila mshahara. Lori haliendi kila mwezi, kuna miezi liko gereji. Tuseme safari ni 10 kwa mwaka.

Tajiri wa kwanza: miezi 12 mara 400,000 ni 4,800,000. Safari 10 mara 500,000 ni 5,000,000. Jumla 9,800,000.

Tajiri wa pili: safari 10 mara 1,000,000 ni 10,000,000.

Wa pili amemshinda wa kwanza kwa 200,000. Lakini hesabu haijaisha. Mfanyakazi mwenye mshahara lazima aandikishwe katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Humo huingia asilimia 20 ya mshahara wake, na kwa kawaida nusu hutoka kwake na nusu kwa tajiri. Nusu ya tajiri ni 40,000 kwa mwezi, nayo kwa mwaka ni 480,000. Ongezeni hizo kwa tajiri wa kwanza mpate 10,280,000. Sasa nani amemshinda mwenzake? Na katika mwezi ambao gari liko juu ya mawe linangoja gea boksi kutoka Dar es Salaam, tajiri wa kwanza analipa 400,000, wa pili analipa salamu.

Tena posho huliwa njiani. Ni fedha ya ugali, ya maegesho, ya kuoga na ya vocha ya simu. Mtu akiniambia, "Nalipwa posho nzuri," mimi humwuliza imefika nyumbani ngapi. Na tajiri anayemwajiri dereva bila mshahara hafuati sheria, kwa kuwa Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila aina ya kazi, na usafirishaji umo. Kima cha sasa mtaambiwa katika Ofisi ya Kazi.

Sisemi dereva asihame. Tajiri asiyesikia hastahili kungojewa miaka kumi. Lakini kabla ya kuhama na amwombe yule wa pili karatasi. Iwe na jina la mwajiri, kazi, mshahara, siku ya kulipwa, saa, likizo. Aende nayo nyumbani akaisome usiku kucha. Tajiri anayekataa karatasi yake isilale nyumbani kwako amekwisha kukueleza tabia yake.

(Kituo kidogo. Kiongozi awaache wanafunzi wabishane kidogo juu ya matajiri wawili. Asiwakatize.)

Mtu akiacha kazi kwa ilani anapata nini? Hulipwa mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo yake ya mwaka aliyoichuma lakini hajaichukua. Hupewa na cheti cha utumishi, ambacho tajiri lazima akitoe. Kiinua mgongo ni habari nyingine. Hicho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mzima wa kazi, isizidi miaka 10, na kwa kawaida hulipwa pale tajiri anapomwachisha mtu aliyetimiza miezi 12 ya kazi. Ukiacha mwenyewe, usikihesabu. Fedha zako za NSSF hazipotei. Uanachama wako unakufuata kwa tajiri mpya kwa namba ile ile, ila uangalie kama yule wa kwanza kweli alikuwa akizipeleka. Wako matajiri wanaokata na hawapeleki.

Ikitokea kwamba tajiri ameifanya kazi isivumilike, hata mtu akalazimika kuondoka, sheria yaweza kumhesabu kuwa ameachishwa na tajiri. Lakini ni lazima aonyeshe ushahidi, na ushahidi ni lile daftari, zile hati za mshahara na zile barua. Shauri hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu huiita CMA, na Kilimanjaro ina ofisi yake. Hakuna ada. Kwanza msuluhishi huwakalisha tajiri na mfanyakazi meza moja, wasipopatana shauri huamuliwa.

Sikilizeni hapa kwa makini. Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Madai mengine, kama haya ya makato, ndani ya siku 60. Dereva aliyeambiwa kwa simu akiwa Kongo kwamba kazi imekwisha aweza kutumia siku 25 njiani kurudi. Akifika Moshi akapumzika juma moja, siku 30 zimekwisha kupita. Anaweza kuomba asikilizwe kwa kuchelewa, lakini atahitaji sababu nzuri, na haijulikani kama itakubaliwa. Basi siku ya kwanza nyumbani iwe siku ya kwenda ofisini.

Dereva wetu alifanyaje? Alisubiri. Foleni ilisogea siku ya sita, akafikisha mzigo, akarudi na lori. Kabla ya kushuka aliandika karatasi ya makabidhiano: namba ya gari, kilometa zilizosomeka, matairi mangapi na yako katika hali gani, jeki, spana, minyororo, turubai, dizeli iliyomo. Msimamizi wa gereji alisita kutia sahihi, akasema haijawahi kufanyika hivyo. Akatia. Kisha mkewe akamwandikia barua, kwa kuwa mwandiko wake, asema, sasa ni mzuri kuliko wa mume. Barua ilitolewa nakala mbili, na kwenye nakala yao karani akaandika "Nimepokea" na tarehe. Tajiri baada ya kuisoma aliita mkutano na kusema kwamba habari ya turubai itaangaliwa upya. Siku 28 bado hazijaisha, na nilipoongea nao juzi walikuwa hawajaamua.

Barua yenyewe ni hii. Nitaisoma polepole, mwiandike.

"Moshi, tarehe … Kwa Mkurugenzi. Ilani ya kuacha kazi. Nimekuwa dereva wako tangu tarehe … Natoa ilani ya siku 28 kuanzia leo. Siku yangu ya mwisho ya kazi itakuwa tarehe … Sababu ni makato ya shilingi 250,000 yaliyofanywa katika mshahara wangu bila maelezo ya maandishi. Naomba nilipwe mshahara wangu wote na malipo ya likizo yangu, na nipewe cheti cha utumishi. Gari nitalikabidhi kwa maandishi. Mimi, dereva wako." Kisha jina na sahihi.

Hakuna tusi ndani yake, na yafaa iwe hivyo, maana huenda ikasomwa na msuluhishi.

Kazi ya juma hili: kila mwanafunzi mwenye mkataba nyumbani, wake au wa mwenziwe, aulete darasani na atafute mstari unaotaja ilani na mstari unaotaja makato. Asiye na mkataba aandike barua fupi ya kumwomba tajiri wake ampe. Wenye mashamba na biashara zao wenyewe wasijione wametengwa: kama umemwajiri kibarua au mtoto wa kuuza duka, wewe ndiye tajiri, andika mkataba utakaompa.

Kwaherini, mpaka juma lijalo wakati kama huu.